Msomaji wa Kadi 118

Maoni yalikuwa kumi na saba. Daktari mstaafu aliyaleta kituoni mwenyewe, yamepigwa kopi na kupangwa kwenye jalada la bluu, akalisukuma mezani mbele ya Kobe na kusema kwamba kama angekuwa anajua siri yoyote ya wodi ile, wasomaji wa riwaya yake wasingemtukana namna hii.

Kobe halikuwa jina alilopewa na mama yake. Wenzake kituoni walimbandika kwa sababu ya mwendo wake wa upelelezi: hatua moja, asimame, achungulie, ndipo ainue mguu wa pili. Aliwaacha waseme. Kazi ya haraka aliifanya mara moja tu katika miaka kumi na tisa, na matokeo ya haraka hiyo yalikuwa yamekaa mahabusu ya wanawake mwezi wa kumi na moja sasa, yakisubiri hukumu kesho saa tatu asubuhi.

Aliyekuwa akisubiri ni muuguzi wa miaka ishirini na sita. Dereva wa treni mstaafu, mzee aliyelazwa kwa operesheni ndogo ya ngiri, alikufa jioni moja kwenye kitanda cha sita, muda mfupi baada ya kutundikiwa dripu. Maabara ilikuta ndani ya chupa dawa kali ya moyo ambayo hakuandikiwa na daktari yeyote. Na chupa haikuwa na kibandiko. Wodini, ukiongeza dawa kwenye dripu unabandika karatasi ubavuni mwa chupa: dawa gani, saa ngapi, nani kaiweka. Chupa isiyo na kibandiko ni ya mtu anayejificha, ndivyo mwendesha mashtaka alivyoiambia mahakama. Upande ule wa wodi ulikuwa wa binti huyo siku ile, na wiki hiyo hiyo marehemu alikuwa amemlalamikia kwa uongozi kwamba ana kiburi. Kesi ikajikamilisha chapuchapu. Siku ya tatu Kobe akamtia pingu.

Alipoulizwa kama aliona kibandiko, binti alijibu kwamba hakuangalia. Alimkuta mgonjwa anatapatapa, macho yakaenda kwa mgonjwa. Jibu la kweli, na ndilo lililommaliza. Tangu siku hiyo mama yake huja kila asubuhi kukaa kwenye benchi nje ya kituo. Halii, hatukani. Kobe akipita humwuliza tu, "Umeamkaje, baba?" Heri angemtukana.

Miezi minne iliyopita daktari mstaafu, aliyewahi kufanya kazi hospitali hiyo hiyo, alitoa riwaya, *Chupa ya Jioni*. Mgonjwa amekuwa baharia, kitanda kimekuwa cha tisa, lakini mtu asiye kipofu alijua kinachosemwa. Kobe alimwita ili ajue aliyempa habari. Alimbana tangu saa mbili asubuhi hii: mara ya mwisho uliingia lini wodini, uligombana na nani, funguo za stoo ulirudisha lini. Mzee alikuwa na ugomvi wa zamani na uongozi wa hospitali, na kwa nusu saa Kobe alidhani ameshika mkia wa nyoka. Ulikuwa mkia wa mjusi, ukabaki mkononi. Wiki ya kifo daktari alikuwa kalazwa mji mwingine, mguu umening'inizwa, na barua ya kulazwa alikuja nayo. Habari zote alizitoa magazetini.

"Soma hayo," alisema, akionyesha jalada. "Utaona kama hao wanamwogopa mtu anayejua siri."

Kobe alisoma. Mmoja aliandika kwamba daktari anajua kushona watu, sentensi zimemshinda. Mwingine alisema mapenzi ya sura ya nne hayana homa wala joto, yapelekwe maabara. Wa tatu alikisoma kitabu akiwa amelazwa, akaomba ruhusa ya kurudi nyumbani kabla hajapona. Wa nane alikisifia sana, na daktari akakohoa kidogo na kukiri kwamba huyo ni shemeji yake.

Ya kumi na moja Kobe aliyasoma mara moja, akaweka kidole juu yake, akayasoma tena.

*Mwandishi hajui kazi ya wodi. Hakuna muuguzi aliyefundishwa akafunzika atakayetundika chupa bila kibandiko, hata awe na haraka ya kwenda wapi. Kibandiko kilikuwepo. Kiliandikwa 16:10. Kilibanduliwa baadaye, marehemu anaoshwa, pazia limefungwa. Kuwadhalilisha wauguzi si riwaya. Kadi 118.*

Chini ya maneno hayo, mwandikaji alikuwa amepiga mstari wa mshazari kutoka neno la mwisho mpaka pembe ya karatasi, hata herufi moja isipate pa kuchomekwa.

"Huyo ndiye mbaya wao," daktari alisema. "Anabishana na kitabu cha kubuni kana kwamba alikuwepo."

Kobe hakucheka. Wiki mbili kabla, bila kuagizwa na mtu, alikuwa ameirudisha ile chupa maabara akiomba waiangalie upya kwa nje. Jibu lilikuja Jumatatu: ubavuni, upande usio na lebo ya kiwandani, palikuwa na mabaki ya gundi, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Waliojua hilo walikuwa watu watatu: mtu wa maabara, Kobe, na mwendesha mashtaka, ambaye aliitazama ripoti na kusema, "Gundi haina mdomo, Kobe. Niletee mdomo." Tarehe kwenye maoni ya kumi na moja ilikuwa ya wiki tatu zilizopita.

Saa ilikuwa nne na robo. Alimwuliza daktari karatasi hizi zimetoka wapi.

Zilitoka maktaba ndogo inayotazamana na geti la hospitali, chumba kimoja kirefu chenye rafu za chuma na meza mbili za kusomea. Mkutubi alikuwa mama mnene mwenye penseli kwenye nywele, na sheria yake ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: HUJAANDIKA MAONI, HUCHUKUI KINGINE. Kila kitabu kina daftari lake. Ukirudisha, unapewa karatasi ndogo, unaandika palepale kaunta ulichokiona, unatia namba ya kadi badala ya jina, naye anagonga muhuri wa tarehe na kuichomeka daftarini. Alimweleza Kobe kwamba alianza hivyo baada ya kuchoka na watu wanaoazima vitabu kufunikia vikombe. Namba badala ya jina ni ili mtu aseme ukweli bila kumwonea haya mwandishi, maana mji ni mdogo na waandishi wana hasira.

Ndiyo maana alipoombwa kutaja mwenye kadi 118, alikataa. Kwa adabu, lakini alikataa.

"Afande, watu wameniamini. Leo nikikupa wewe, kesho mume atakuja kuuliza mkewe anasoma nini."

Kobe hakumtisha. Alivuta kiti, akamwambia habari yote kwa sauti ya chini: binti, pingu za siku ya tatu, mama kwenye benchi, kesho saa tatu. Akamwambia pia kwamba aliyefunga pingu ni yeye. Mkutubi akatoa penseli kichwani, akafungua droo na kutoa rejista.

Kidole chake kilishuka, kikasimama. Akaigeuza rejista ili Kobe asome mwenyewe.

Kadi 118 ilikuwa ya binti aliye mahabusu.

Kobe aliisoma namba mara mbili. Akipeleka karatasi hii kwa mwendesha mashtaka, mdomo aliotafuta umepatikana: mshtakiwa mwenyewe, kwa namba yake, anaeleza kibandiko kilivyobanduliwa. Hukumu ingechukua dakika tano. Na karatasi ilikwisha kuwa mkononi mwake, hawezi kujifanya hakuiona.

"Lakini huyu si yuko ndani?" mkutubi aliuliza.

"Yuko ndani."

"Sasa ataandikaje kwenye kaunta yangu?"

Swali la mtoto wa chekechea, na Kobe alijionea aibu kwamba halikutoka kwake. Aliomba karatasi zote za 118. Zilikuwa zaidi ya sitini, na mkutubi alizitandaza mezani kwa tarehe. Mpaka mwezi wa kukamatwa, mwandiko ulikuwa wa mviringo, herufi zimekaa kwa raha, na maoni yenyewe marefu, yenye vicheko. Baada ya hapo mwandiko ulibadilika. Herufi ndogo, zimesimama wima, zimebanana. Maoni yalikuwa neno moja: *Kizuri. Kinafaa. Kizuri.* Na kila moja, hata lile la neno moja, lilizibwa kwa mstari wa mshazari mpaka pembeni.

"Huyo ni Sista Mkuu," mkutubi alisema. Alisema kwa upendo. Mkuu wa wodi ile, mama wa watu, huja kila Jumatano saa saba kasoro wakati wa chakula. Anamchukulia binti kitabu kwa kadi yake, anakipeleka gerezani, wiki inayofuata anakirudisha. Hajakosa hata Jumatano moja. "Wengine wote pale hospitali wamemkimbia mtoto wa watu kama mwenye upele. Yeye peke yake hakumtupa."

Kobe aliuliza kwa nini mara zote aliandika neno moja, na mara ile akaandika sentensi sita saba. Mkutubi akakuna kichwa, akakumbuka. Siku ile alikuwa amechoka na "Kizuri". Alimrudishia karatasi, akamwambia, Sista, hayo si maoni, ni salamu. Niandikie mistari mitatu au hupati kitabu. Sista Mkuu akasimama hapo kaunta, kalamu mkononi. Halafu akaandika kwa kasi, karatasi ikakaribia kutoboka, akaenda bila kungoja kitabu kingine.

Ilibaki hatua moja, na Kobe hakuiruka. Huenda binti alikisoma kitabu, akamweleza Sista Mkuu nini cha kuandika. Aliomba simu ya maktaba, akapiga gerezani, akaomba asomewe daftari la getini, siku kwa siku. Askari wa kike wa zamu alichukua muda wake, akitafuna kitu. *Chupa ya Jioni* kililetwa, ndiyo. Hakikuingia. Mkuu wa gereza haruhusu kitabu cha mauaji ya hospitali kwa mahabusu mwenye kesi ya mauaji ya hospitali, afande, hata wewe fikiria. Kilirudishwa palepale kwa aliyekileta, akatia saini. Mahabusu hakukigusa.

Basi aliyekisoma ni mmoja. Kobe alifungua faili la kesi magotini. Ukurasa wa tisa, maelezo ya Sista Mkuu: alikuwa ofisini akiandika ripoti ya zamu, hakufika kitanda cha sita mpaka alipoitwa. Ukurasa wa kumi na nne, maelezo ya binti: baada ya mgonjwa kufariki, Sista Mkuu alimwambia aende akawapigie simu ndugu wa marehemu, yeye akafunga pazia na kumwosha mwenyewe. Kobe alikuwa ameusoma ukurasa huo mara ishirini. Kila mara aliuona ni huruma ya mkubwa kwa mdogo.

Alikaa meza ya pembeni, gazeti mbele yake, akangoja.

Sista Mkuu aliingia saa saba kasoro dakika kumi. Mwanamke mrefu, mvi zimebanwa chini ya kofia nyeupe, saa imening'inia kifuani. Aliweka kitabu kaunta, akaomba karatasi, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote hiyo mkutubi hakuweza kumtazama. Sista Mkuu aligeuka, akamwona Kobe. Hakushtuka. Alivuta kiti akaketi mbele yake, kama mtu aliyeitwa namba yake kwenye foleni.

Kobe aliweka karatasi ya 118 katikati ya meza. Alimwambia habari ya daftari la getini. Alimwambia habari ya gundi, upande gani na ukubwa gani. Mwisho akafungua ukurasa wa tisa, akaugeuzia kwake.

Sista Mkuu alisoma maelezo yake mwenyewe mpaka chini. Alianza kwa kusema kwamba yale yalikuwa maoni tu, na msomaji ana haki ya kumsahihisha mwandishi. Kobe akamwambia ni kweli. Lakini mwandishi habari zake alizitoa magazetini, na gazeti halikutaja kibandiko kubanduliwa wala pazia. Saa kumi na dakika kumi nayo haikuwepo.

"Uliipata wapi dakika ile, Sista?"

Nje gari la wagonjwa lilipita, likaingia getini.

"Aliandika kwamba tunatundika chupa bila kibandiko kwa kuwa tunakimbilia nyumbani," alisema hatimaye. "Miaka thelathini na moja sijawahi. Hata siku ile sikuacha. Niliandika dawa niliyodhani naiweka, nikaandika saa, nikatia sahihi yangu."

Mengine aliyatoa bila kuulizwa, kwa mpangilio, kama anakabidhi zamu. Binti alikuwa ameshikwa na mgonjwa wa kitanda cha kwanza, basi yeye akatoka ofisini amsaidie. Vichupa viwili vya dawa vilikaa kwenye trei moja, vinafanana kama mapacha. Sheria ya wodi ni kwamba dawa husomwa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasikiliza na kukubali. Sheria hiyo aliwafundisha yeye, binti akiwa mmoja wao. Siku ile watu hawakutosha, akasoma peke yake, moyoni. Alipoitwa, mgonjwa anatapatapa, alipita kwenye trei, akaona kichupa kitupu, akakisoma tena. Ndipo akajua.

"Nilikuwa na mwaka na miezi minne nistaafu," alisema. "Nikabandua karatasi ile, nikaitia mfukoni, nikasema kesho nitasema. Siku ya pili nikasema kesho. Siku ya tatu ukawahi wewe."

Kobe alijua ni kweli. Angechelewa siku moja kama ilivyo kawaida yake, nani ajuaye.

"Na vitabu?"

"Anapenda kusoma. Hata wodini nilimkemea kwa hilo." Akafuta macho kwa kiganja, mara moja, kwa ukali. "Ningempelekea nini kingine?"

Mkutubi, aliyekuwa akilia waziwazi nyuma ya kaunta, alikuja akaweka bunda la karatasi mezani. Kobe alimwambia Sista Mkuu kwamba ana haki ya kungoja wakili. Akatikisa kichwa, akachukua kalamu. Aliandika karatasi nne, kwa herufi zile ndogo za wima, tarehe na saa kila aya, mpaka alipofika kwenye kibandiko, pazia, mfuko wa sare. Alipomaliza alipiga mstari wa mshazari mpaka pembe ya karatasi. Kisha kalamu ikasita.

"Nitie namba gani?"

"Safari hii tia jina lako."

Akalitia. Mkutubi akagonga muhuri wa tarehe kwenye kila karatasi, bila kuhesabu mistari.

Walikwenda kituoni kwa miguu, ni mwendo wa dakika saba. Kobe hakumfunga pingu. Mama alikuwa bado kwenye benchi, mkoba mapajani. Alipomwona Sista Mkuu aliinuka, uso ukamfunguka, akamshika mikono yote miwili.

"Sista, Mungu akulipe. Mwanangu kaniambia hujamwacha hata wiki moja. Vitabu vyako ndivyo vimemweka hai."

Sista Mkuu aliacha mikono yake ishikwe. Kobe alipiga hatua, akatoa zile karatasi nne kwenye bahasha na kumwambia mama kwamba kuna jambo limepatikana, na kesho asubuhi mwanawe hatasomewa hukumu aliyokuwa akiiogopa. Mama alizipokea, akazisogeza mbali na macho, akazisogeza karibu. Miwani aliisahau nyumbani. Akamrudishia Kobe, amsomee.

"Hapana," alisema Sista Mkuu. "Nipe mimi."

Aliketi kwenye benchi, akamwonyesha mama nafasi kando yake. Akaanza juu kabisa, tarehe na saa, kwa sauti, neno kwa neno, na kila alipomaliza sentensi alingoja mama aseme kwamba amesikia.